Ngazi tatu za Vinschgau: shajara ya mradi wa njia ya baiskeli kutoka Landeck hadi Meran

Lengo la mradi ni faili moja la njia na mwongozo wa Kiswahili kwa mwendesha baiskeli wa safari anayetaka kuvuka milima ya Alpi akiwa na mizigo yake. Njia inaanzia Landeck, Austria, inafuata mto Inn kuelekea juu, inagusa Uswisi kwa kipande kifupi, inapanda hadi kipito cha Reschen, kisha inashuka bonde la Vinschgau ndani ya Italia hadi mji wa Meran. Walengwa ni wasemaji wa Kiswahili waishio Ujerumani, Austria, Uswisi na Italia, pamoja na wageni wanaotoka Nairobi, Arusha au Kampala wakiwa na likizo ya wiki moja. Vitabu vya njia hii kwa Kijerumani na Kiitaliano ni tele. Tunachoandaa ni mwongozo unaomwambia msomaji, kwa lugha yake, wapi atachoka, wapi breki zitapata moto na wapi atalowa.

Februari: kuchagua njia

Vinschgau imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, Reschen ni miongoni mwa vipito vya chini kabisa vya kuvukia mgongo mkuu wa Alpi: urefu wake ni mita 1,500 na ushee. Warumi waliliona hilo mapema. Barabara yao, Via Claudia Augusta, ilipita hapa na kukamilishwa mwaka 46 hadi 47 BK chini ya Kaisari Klaudio, na jiwe lake la maili lilipatikana Rabland, karibu na Meran, mwaka 1552. Pili, karibu njia yote kuanzia kipitoni hadi Meran ni njia ya baiskeli iliyotengwa na magari. Tatu, kuna reli sakafuni mwa bonde, kutoka Mals hadi Meran, kilomita 60. Mtu aliyeumia goti au aliyevunjikiwa na rimu hakwami porini, maana stesheni iliyo karibu naye haiko mbali.

Kipito cha Stelvio tumekiacha nje ya njia kuu. Kutoka kijiji cha Prad, bondeni, kina kona kali 48, kimo chake ni mita 2,757, na mpandaji anapanda zaidi ya mita 1,800 katika takriban kilomita 25. Barabara ile, iliyojengwa kati ya 1820 na 1825, ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kuipanda na mikoba minne kunahitaji matayarisho ya aina nyingine, na pikipiki za kiangazi hazimpi nafasi mtu anayeyumba kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa. Mwongozo utaitaja kama mchepuko wa siku moja: mizigo inaachwa Prad au Glurns, unapanda na maji, koti na chakula, unarudi kulala ulikotoka.

Tumekata shauri pia kuhusu upande wa kuanzia. Njia itaandikwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Kutoka Landeck (mita 816) hadi kipitoni tofauti ya kimo ni karibu mita 700. Kutoka Meran (mita 325) hadi kipitoni ni karibu mita 1,180. Anayeanzia Landeck anapanda kidogo zaidi ya nusu ya anavyopanda yule wa Meran, kisha anapata mteremko mrefu kama malipo yake.

Machi: data za kimo

Kazi ya mwezi huu ni kutengeneza mchoro wa mwinuko usiodanganya. Hapa ndipo faili nyingi za bure zinapomponza msafiri. Data za kimo zilizopimwa kutoka angani kwa gridi ya mita 30 hazitoshi katika bonde lenye kuta. Njia inayopita chini ya jabali inaweza kuangukia kwenye mraba ambao nusu yake ni jabali lenyewe, hivyo programu inamwinua mwendesha baiskeli mita 20 hewani na kumshusha tena hatua chache mbele. Daraja linasomwa kama bonde, na handaki linasomwa kama mlima. Matokeo yake ni mchoro wenye meno ya msumeno na jumla ya kupanda iliyovimba.

Tiba ni hii. Chukua vimo kutoka miundo ya ardhi iliyopimwa kwa leza kutoka ndegeni. Tyrol ya Austria na Tyrol Kusini ya Italia zinatoa data hizo bure, na Uswisi ilifungua za kwake mwaka 2021. Kisha weka nukta za njia kwa umbali wa mita 20 hivi, na kwenye kila daraja na handaki futa vimo vya katikati, unganisha mdomo mmoja na mwingine kwa mstari ulionyooka. Baada ya hapo lainisha kwa wastani wa mita 100. Ukilainisha zaidi ya hapo, vipande vifupi vya asilimia 12 au 15 vinapotea kwenye mchoro, na hivyo ndivyo vinavyomshusha mtu kwenye baiskeli.

Vifaa vya zamani vya GPS vinavyofungwa kwenye usukani hukata njia yenye nukta nyingi bila kutoa onyo, kwa hiyo faili linagawanywa vipande vinne: Landeck hadi Nauders, Nauders hadi Glurns, Glurns hadi Goldrain, Goldrain hadi Meran. Kila kipande kinaanzia mahali penye maji, kivuli na usafiri wa umma.

Majina yanawekwa mawili mawili upande wa Italia, kwa sababu vibao vya bonde hili ni vya Kijerumani na Kiitaliano: Mals na Malles, Glurns na Glorenza, Laas na Lasa, Latsch na Laces, Naturns na Naturno. Mto ni Etsch kwa Wajerumani na Adige kwa Waitaliano. Anayetafuta treni kwenye programu ya simu kwa jina moja anaweza kuona jina jingine kwenye behewa akadhani amepotea.

Machi, mwishoni: bonde la ngazi

Mchoro uliosafishwa umeonyesha jambo litakalobadili mpangilio mzima wa mwongozo. Vinschgau haishuki kwa ulaini kutoka juu hadi chini. Inashuka kwa ngazi tatu, na kati ya ngazi na ngazi kuna uwanda karibu tambarare.

Sababu yake iko kwenye vijito vya pembeni. Kwa maelfu ya miaka vimemwaga mawe na udongo sakafuni mwa bonde na kujenga marundo makubwa yenye umbo la upepeo. Rundo linaziba mto, mto unapunguza kasi na kutandaza mchanga nyuma yake, hapo unapatikana uwanda. Mbele ya rundo mto unaporomoka, hapo inapatikana ngazi. Rundo la Malser Haide, moja ya makubwa kabisa katika Alpi nzima, ndilo linaloshikilia maziwa ya juu. Rundo la Gadria, kati ya Laas na Schlanders, ndilo lililotengeneza uwanda wa Laas. Ngazi ya mwisho iko Töll, pale bonde linapovunjika kuelekea Meran.

Kwa namba: kutoka St. Valentin (mita 1,470) hadi Glurns (mita 907) unashuka zaidi ya mita 560 katika kilomita 12 au 13. Kutoka Glurns hadi Laas (mita 868) unashuka mita 39 tu katika umbali unaokaribia huohuo. Kisha Laas hadi Goldrain ni karibu mita 200. Kisha uwanda tena hadi Töll, penye kimo cha mita 500 hivi, na hapo mita 175 za mwisho.

Kwa hiyo mwongozo hautagawanywa kwa kilomita kumi kumi kama ulivyopangwa mwanzo. Utagawanywa kwa ngazi na uwanda. Kwenye ngazi msomaji anahitaji maelezo ya breki, kona na sakafu ya njia. Kwenye uwanda anahitaji upepo, maji na kivuli. Mtu akijua yuko kwenye ngazi au uwanda, anajua tayari nusu ya mambo yanayomkabili.

Aprili: baiskeli ya ukaguzi na hesabu ya gia

Baiskeli ya ukaguzi imepangwa ifanane na ya msafiri wa kawaida: uzito wa jumla kilo 105, yaani mtu wa kilo 75, baiskeli ya 15 na mizigo ya 15. Matairi ni ya milimita 40, upepo PSI 45 mbele na 55 nyuma. Ukijaza zaidi, changarawe inakurusha na mikono inakufa ganzi. Ukipunguza mno, tairi la nyuma linajibana kwenye ukingo wa lami na tyubu inatoboka matundu mawili yanayotazamana.

Swali kubwa ni gia. Mpando mgumu wa njia hii ni mmoja: kutoka Martina, kijiji cha Uswisi, hadi Norbertshöhe, kilele kilicho kabla ya Nauders, yaani kutoka mita 1,035 hadi 1,405, karibu kilomita 6.5, wastani usiofika asilimia 6. Kwa gia ya moja kwa moja, meno 34 mbele na 34 nyuma, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 8 kwa saa na mwili unatoa takriban wati 145 kwa dakika 50. Kwa mtu asiyefanya mazoezi hizo ni nyingi baada ya kilomita 40 za asubuhi. Kwa meno 26 mbele na 36 nyuma, kukanyaga ni kulekule, mwendo unashuka chini kidogo ya kilomita 6, na mahitaji yanateremka hadi wati 105 hivi. Unafika dakika 20 baadaye, ila unafika na magoti yako. Mwongozo utasema wazi: njoo na gia ndogo kabisa iliyo chini ya moja kwa moja, yaani meno ya mbele yawe machache kuliko ya nyuma. Kubadilisha sahani ya mbele au friwili nyumbani ni rahisi na kwa bei nafuu kuliko kutafuta fundi Pfunds Jumamosi jioni.

Mizigo iwe chini na nyuma ifungwe vizuri. Keria inayocheza milimita mbili kwenye lami inacheza sentimita moja kwenye changarawe, na skrubu za chini za keria ndizo hulegea kwanza. Zipakwe gundi ya kuzuia skrubu kulegea na zikaguliwe kila jioni. Spoki zinazokatika ni za gurudumu la nyuma upande wa friwili, kwa sababu upande ule unavutwa kwa nguvu zaidi ili kuweka rimu katikati. Beba spoki tatu za urefu wa upande huo, uzifunge kwa utepe kwenye fremu, na ubebe kifaa cha kufungulia friwili, maana bila kuitoa spoki mpya haiingii. Vingine ni vya kawaida: tyubu mbili, viraka na solusheni, kiungo cha cheni, pampu, waya mmoja wa gia na jozi moja ya pedi za breki.

Hati pia zimeingia kwenye orodha. Visa moja ya Schengen inatosha kwa Austria, Uswisi na Italia, lakini pasipoti iwe mfukoni, kwa sababu Uswisi haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya na ukaguzi unaweza kutokea Martina. Simu pia izimwe data mapema. Karibu na mpaka simu inakamata mtandao wa Uswisi, na kifurushi cha nchi za Umoja wa Ulaya mara nyingi hakiufuniki.

Mei: Landeck hadi Norbertshöhe

Kipande cha Inn kimekaguliwa na kukubaliwa. Kupitia Prutz, Ried na Pfunds njia inapanda taratibu, mita 220 hivi katika takriban kilomita 40 hadi Martina, ikibadilika kati ya njia ya baiskeli, barabara za mashamba na vichochoro vya vijiji. Maji yapo kwenye mabomba ya vijijini. Kibao chenye maneno Kein Trinkwasser kinakataza kunywa, na upande wa Italia maneno ni acqua non potabile.

Hatari ya kipande hiki iko kwenye daraja la Kajetan, juu ya Pfunds. Hapo barabara kuu inageuka kushoto kupanda moja kwa moja kuelekea Nauders kupitia korongo la Finstermünz. Kwenye ramani inaonekana fupi na yenye kuvutia. Ni barabara nyembamba iliyochongwa jabalini, yenye mahandaki, malori na mabasi ya watalii, na mwenye mizigo hana pa kujitupa. Faili letu linaendelea kando ya Inn hadi Martina, Uswisi, na hapo limewekwa onyo la sauti mita 300 kabla ya njia panda. Programu za kupanga njia zikiachwa zichague zenyewe "njia fupi" zinaweza kumpeleka mtu Finstermünz, kwa hiyo usikubali zikuhesabie upya ukiwa Pfunds.

Kutoka Martina kona ni 11. Mpando wenyewe ni wa adabu: hauna kipande kinachozidi mno wastani wake, na sehemu kubwa iko msituni. Magari yapo lakini si mengi kama ya barabara kuu. Ushauri wa kona: usizishike kwa ndani. Upande wa ndani wa kona kali mwinuko unaweza kuwa mara mbili ya ule wa nje. Angalia nyuma, nyosha mkono, chukua nafasi ya kati, ndipo uzunguke.

Wasiotaka mpando huu wana mbadala. Wakati wa kiangazi huwapo mabasi yenye nafasi za baiskeli kutoka upande wa Inn hadi Nauders. Nafasi ni chache na kikundi cha watu sita kinazimaliza mara moja, hivyo ziwekwe mapema.

Juni: ziwa, kisha ngazi ya kwanza

Kutoka Nauders (mita 1,394) hadi kipitoni ni mwendo mwepesi wa kilomita sita hivi. Msimu wa kutegemewa wa sehemu hii ya juu ni Mei hadi Oktoba. Kabla na baada yake theluji na barafu ya asubuhi vinaweza kukuta kivulini hata kama Meran watu wanakula nje.

Ziwa la Reschen ni la kutengenezwa. Bwawa la umeme liliunganisha maziwa mawili ya asili, na mwaka 1950 maji yakafunika kijiji cha Graun chote pamoja na sehemu ya Reschen. Nyumba zaidi ya 160 zilibomolewa na familia zake zikahamishwa. Mnara wa kanisa wa karne ya 14 uliachwa umesimama majini. Watu husimama, hupiga picha, huondoka. Mwongozo utaeleza kwa aya nzima nini kilitokea pale, kwa sababu msomaji anayetoka nchi zenye mabwawa ya umeme na vijiji vilivyohamishwa ana haki ya kujua anatazama nini.

Njia kuu inafuata ukingo wa magharibi, tulivu na bila magari, lakini ina vipandio vifupi vikali ambavyo mchoro uliolainishwa sana unavificha. Mnara uko upande wa mashariki, karibu na barabara kuu. Anayetaka kuusogelea afuate njia ya upande ule kutoka kijiji cha Reschen hadi Graun, kama kilomita tatu. Wanaopata shida ukingo wa magharibi ni wenye trela za watoto. Kwao mwongozo utapendekeza mashariki.

Baada ya St. Valentin na ziwa dogo la Haidersee inaanza ngazi ya kwanza, kupitia Burgeis chini ya abasia nyeupe ya Marienberg. Hapa breki ndizo kila kitu. Kilo 105 zikishuka mita 560 zinaachia nishati ya zaidi ya kilojuli 570. Sehemu inachukuliwa na hewa, sehemu na matairi, na kinachobaki kinaingia kwenye breki. Anayeogopa kasi na kushika breki kidogo kidogo muda wote ndiye anayezipasha moto zaidi, kwa sababu anainyima hewa kazi yake. Kwenye breki za rimu, rimu inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, viraka vinaachia na tyubu inaweza kupasuka. Kwenye breki za diski pedi zinakuwa kama kioo, zinapiga kelele na hazishiki.

Utaratibu unaoingia kwenye mwongozo: kwenye mstari ulionyooka na unaoonekana mbele, achia. Kabla ya kona, shika breki zote mbili kwa nguvu, mbele zaidi ya nyuma, maliza kupunguza kasi, kisha achia na uingie konani. Simama Burgeis kwa dakika kumi, na usiguse diski kwa kidole. Kabla ya kuondoka Nauders pima pedi: zikiwa chini ya milimita moja ya nyama, badilisha hapo hapo. Diski iliyokwisha hadi milimita 1.5 ni ya kutupa.

Mwanga wa alasiri kwenye mteremko huu unamulika usoni na vipande vya kivuli vinaficha mifereji ya chuma inayokatisha njia. Ikatishwe kwa pembe ya nyuzi 90, breki zikiwa zimeachiwa.

Juni, mwishoni: Glurns, Laas na rundo la Gadria

Glurns ni mji mdogo wenye watu takriban 900, na ukuta wake wa karne ya 16 bado umeuzunguka wote. Barabara za ndani ni za mawe, hivyo shuka usukume kama keria imelegea. Baada ya hapo njia inashikana na mto na kuwa tambarare, lami kwa sehemu kubwa na vipande vifupi vya changarawe iliyoshindiliwa. Hakuna la kuandika sana hapa isipokuwa upepo, ambao una ingizo lake.

Laas inajulikana kwa marumaru nyeupe. Hata vijia vya miguu kijijini vina vipande vyake, na vikilowa vinateleza kama sabuni. Baada ya Laas njia inazunguka mguu wa rundo la Gadria na kuporomoka kuelekea Schlanders na Goldrain. Ni ngazi fupi, lakini watu wanaifikia wakiwa wamelegea baada ya uwanda, wengine mkono mmoja na simu, na njia inatumiwa pia na wanaopanda, watoto na matrekta. Kwenye faili tumeweka onyo mwanzoni mwa mteremko.

Julai: upepo, maji na dawa za mashambani

Siku ya kiangazi yenye jua, hewa ya bondeni inapata joto na kuanza kupanda bonde. Kuanzia saa sita hivi mchana anayeshuka anakutana na upepo wa uso, mkali zaidi kwenye uwanda kuliko kwenye ngazi. Saa nane mchana kati ya Goldrain na Naturns mtu anakanyaga kwenye mteremko kana kwamba anapanda. Hali ya hewa ikitokea kaskazini mambo yanageuka: upepo unamwagika kutoka kipitoni, na Malser Haide inapigwa kwa ubavu hadi mikoba ya mbele inageuka matanga. Ratiba tunayopendekeza ni kulala Nauders au St. Valentin, kuanza kushuka saa moja na nusu asubuhi, na kuwa Latsch kabla ya saa sita.

Vinschgau ni kavu mno. Mvua ya mwaka iko karibu milimita 500, na upande wa bonde unaotazama jua una nyasi za nyika. Kilimo kimesimama kwa mifereji inayoitwa Waale, iliyochimbwa karne nyingi zilizopita kuchukua maji ya vijito vya juu na kuyatembeza kwenye ubavu wa mlima, mfano wa mifongo ya Wachaga kule Kilimanjaro. Kando ya mifereji hiyo kuna vijia vya wahudumu wake. Ni vya miguu. Baiskeli zisiingie, hata kama programu inavionyesha kama njia tulivu.

Siku hizi sehemu kubwa ya maji inapita kwenye vinyunyizio vya mashamba ya matufaha. Njia inapita katikati ya mistari ya miti kwa kilomita nyingi, na kinyunyizio hakijui mpaka wa shamba. Sikiliza mdundo wake, subiri mkono ugeuke, pita. Mwezi Aprili, usiku wa baridi, vinyunyizio huwashwa ili barafu ilifunike ua na kulilinda. Asubuhi yake njia inaweza kuwa na ganda la barafu hadi jua lipande.

Dawa ni jambo zito zaidi. Mwaka 2014 wakazi wa Mals walipiga kura kutaka viuatilifu vya kemikali vizuiwe katika eneo lao, na hoja hiyo imegawanya watu bondeni tangu hapo. Kwa mpita njia kanuni ni fupi: ukiona trekta likipuliza mstari ulio mbele yako, simama upande upepo unakotoka, ngoja limalize, na usile tufaha lililoanguka njiani.

Agosti: ngazi ya Töll na treni

Töll imekaguliwa. Njia ya baiskeli inashuka kuelekea Algund kwa mlolongo wa kona za kukunjana, nyembamba, zenye watu wengi kuliko mahali pengine popote kwenye njia hii. Wenye mikoba mipana ya nyuma wanagusana na wanaopanda. Mwongozo unaagiza: kasi ya mtu anayekimbia, kengele kabla ya kila kona, anayepanda apewe njia. Jumapili mchana pita mapema au subiri jioni.

Reli ya Vinschgau ilifunguliwa mwaka 1906, ikafungwa 1990, ikarudishwa mwaka 2005, na wingi wa baiskeli umekuwa mtihani wake tangu hapo. Wengi hupanda treni hadi Mals na kushuka kwa magurudumu, hivyo treni za asubuhi za kupanda ndizo zinazojaa. Mikoba itolewe kabla treni haijasimama, baiskeli ielekezwe mlangoni, na tiketi ya baiskeli ikatwe pamoja na ya mtu. Kazi za kuweka umeme zimekuwa zikifunga vipande vya reli kwa vipindi virefu, na basi mbadala kwa kawaida halichukui baiskeli, kwa hiyo ratiba ya wiki husika itazamwe kabla ya kuitegemea. Asiye na baiskeli anaweza kukodi moja stesheni ya Mals na kuirudisha Meran.

Kwa Italia tumeongeza sharti la kisheria: nje ya makazi usiku, na ndani ya mahandaki wakati wote, mwendesha baiskeli lazima avae fulana ya kuakisi mwanga. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote tatu.

Septemba: yanayobaki

Mavuno ya matufaha yameanza na yataendelea hadi Oktoba. Matrekta yenye makasha yanavuka njia bila kusimama, na udongo wa magurudumu yao ukilowa unakuwa utelezi. Ingizo hili litaingia kwenye ukurasa wa misimu.

Vipande vya pili na vya tatu vya faili vimefungwa. Cha kwanza kinasubiri onyo la daraja la Kajetan lijaribiwe kwenye vifaa vya aina nyingine, maana baadhi husoma onyo pale tu nukta inapoguswa, na mita 300 zinakuwa zimekwisha. Cha nne kinasubiri mabomba ya maji kati ya Kastelbell na Naturns yawekwe kwenye ramani, kila moja na alama ya kunyweka au kutonyweka. Toleo la kwenda juu, Meran hadi Landeck, litaanza baada ya hapo, na mchoro wake utasafishwa upya: ngazi zilezile zikipandwa zinahitaji maeneo mengine ya kupumzikia, na upepo wa mchana, adui wa anayeshuka, utakuwa mgongoni.